UZI: Amua utabaindi vipi kabla hujaprinti

Fundi wa Getini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Huu ni mwaka wa kumi na moja niko nyuma ya mashine ya kubaindi, kwenye steshenari iliyo jirani na chuo hapa Morogoro. Kila ikifika miezi ya kukabidhi kazi naona jambo lilelile, na linaniuma. Mwanafunzi anakuja na bunda la karatasi alizokwisha kuprinti, kalifunga kwa rababendi, mfukoni kabakiwa na hela ya kubaindi tu. Ananiuliza: "Kaka, hii tuibaindi vipi ipendeze?" Naipokea, nafungua katikati, natazama pambizo la kushoto. Maandishi yameanza sentimita moja na nusu tu kutoka ukingoni. Hapo mimi sina tena cha kumchagulia. Printa imeshamchagulia.

Ndiyo sababu ya uzi huu. Nitaandika ninayoyajua kwa mikono yangu, wenye ujuzi zaidi mtaongezea. Bei sitaji, kila mji una zake.

Tuanze na majina, maana hapa watu wengi hupotezana. Wateja wangu wengi wakisema "spairo" wanamaanisha ile ringi ya plastiki yenye meno, inayofanana na kichana kilichokunjwa. Spairo yenyewe ni ule uzi mnene wa plastiki unaozunguka kama springi, unaoingizwa kwa kuuzungusha tundu moja hadi jingine. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukifika dukani onyesha sampuli kwa kidole, usitegemee jina.

Ringi ya kichana kwa A4 inataka matundu 21 ya mstatili. Natoboa karatasi kumi na tano hivi kwa mkupuo mmoja. Nikiongeza, mkono wa mashine unakuwa mzito, meno yanang'ata vibaya na matundu yanatoka yamechanika. Kisha natanua ringi kwa kulabu za mashine, navalisha karatasi, naiachia ijifunge. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inafunguka. Msimamizi akisema toa ukurasa wa 47 na ongeza jedwali, natanua tena, natoa, naweka, nafunga, karatasi nyingine hazijaguswa. Kwa rasimu sijaona kinachoishinda. Na ubaya wake ni huohuo wa kufunguka. Mkataba, katiba ya kikundi iliyokwisha kusainiwa, taarifa ya mapato na matumizi, tafadhali msiziweke kwenye ringi hii. Mtu anaweza kuchomoa ukurasa na kuchomeka mwingine, na hakuna alama itakayobaki ya kumshitaki.

Saizi ya ringi haihitaji kubahatisha. Karatasi ya gramu 80 (ile ya kawaida ya ofisini) ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, ndiyo maana rimu ya karatasi 500 inafika sentimita tano. Hesabu karatasi zako (karatasi, siyo kurasa), gawanya kwa kumi, umepata milimita. Ongeza mbili au tatu za kupumulia. Karatasi 180 ni milimita 18, basi chukua ringi ya 20 au 22. Ukiweka ndogo, kurasa zinagoma kugeuka na matundu yanaanza kuchanika wiki ya kwanza. Ringi kubwa kabisa ya kawaida ni ya milimita 51. Ukizidi hapo, gawa kazi iwe juzuu mbili.

Spairo ni ya kitu kitakachofanya kazi nje ya kabati. Kitabu kinageuzwa mpaka kava la mbele ligusane na la nyuma, unakishika kwa mkono mmoja huku mwingine unachochea sufuria au unafungua injini. Kikibanwa kwenye begi, ile plastiki inabonyea halafu inarudi. Angalia ncha zake mbili tu: lazima zikatwe na kukunjwa kuingia ndani. Nimeona vitabu vingi ambavyo fundi aliziacha wazi, na spairo ikajizungusha yenyewe kidogo kidogo mpaka ikatoka. Ndugu yake ni waya wa chuma wa ringi pacha. Huo unapendeza zaidi na kurasa za kushoto na kulia zinakaa sawasawa, jambo ambalo spairo hailiwezi kwa sababu inapanda kama ngazi. Lakini waya ukikanyagwa ukabonyea, umebonyea.

Sasa gundi, na hapa nina deni la kusema ukweli.

Mwaka 2019 kwaya moja ilinipa kazi ya vitabu vya nyimbo, nakala 64, saizi ya A5, kurasa 120. Nilichukua A4 za kawaida, nikaprinti kurasa mbili mbili ubavuni, nikakata katikati kwa gilotini, nikapaka gundi ya moto (ile ya kuyeyushwa) mgongoni, nikavalisha kava. Vilitoka vizuri mno, mgongo umenyooka kama wa kitabu cha dukani. Pasaka ilipopita mwalimu wa kwaya akarudi na mfuko. Akauweka mezani, akatoa nakala moja, akaifungua katikati, na kurasa nne zikateleza zikaanguka sakafuni mbele yangu. Hakugomba. Aliniambia tu kwamba waimbaji walikuwa wanaokota nyimbo chini ibadani.

Nilikosea mara mbili. Kosa la kwanza, gundi ya moto hushika ncha tu za karatasi, na kitabu cha kwaya kazi yake ni kufunguliwa mpaka kilale wazi, kila Jumapili. Kila ukikilaza unauvunja ule mgongo. Na gundi hiyo ukiiacha juani ndani ya gari inalegea.

Kosa la pili nililijua baadaye, na ndilo ambalo mafundi wengi hatufundishwi. Karatasi ina nyuzi, na nyuzi zina mwelekeo. Shika karatasi, ipinde kwa urefu kama unataka kuikunja ila usiivunje, isikilizie kwa kiganja. Kisha fanya hivyo kwa upana. Upande unaolegea ndio unaofuata nyuzi. A4 nyingi za ofisini nyuzi zake zinakwenda kwa urefu, kwa hiyo ukibaindi A4 kwenye ubavu mrefu uko salama. Ila ukiikata katikati kupata A5, nyuzi zinageuka kukatisha mgongo. Kurasa zinakuwa ngumu kama ubao mwembamba, hazilali, na kila ukizigeuza zinavuta gundi. Dawa yake: nunua A3 ambayo nyuzi zinafuata urefu, ikate katikati upate A4, printi, kisha kunja iwe A5. Sasa nyuzi zinakwenda sambamba na mgongo, na ukurasa unaanguka wenyewe.

Vile vitabu nilivirudia vyote kwa gharama yangu. Karatasi tano tano zilizokunjwa, yaani kurasa 20 kwa kila mkunjo, mikunjo sita, nikashona kwa uzi uliopakwa nta. Bado vinaimbiwa.

Nitarudi kwa habari ya kava ngumu. Maswali karibuni.

---

Nuru ya Asubuhi

Kaka Fundi, Mungu akubariki kwa kuandika hivi. Mimi ndiye yule mwanafunzi uliyemtaja. Nina tasnifu karatasi 184, nimeprinti upande mmoja, kushoto nimeacha sentimita 2.5. Inatakiwa kava ngumu, ikabidhiwe Ijumaa. Kuprinti upya nakala nne siwezi, hela imeisha. Nifanyeje?

---

Fundi wa Getini

Dada Nuru, pole, na usikate tamaa. Kwanza fungua mwongozo wa chuo chako usome kipengele cha pambizo. Miongozo mingi ya tasnifu inataka karibu sentimita 4 kushoto, na haikuandikwa kwa kutusumbua. Kava ngumu nyingi za mitaani zinatengenezwa kwa kutoboa ubavu na kushona au kupiga pini kupita bunda zima, na kazi hiyo peke yake inameza sentimita moja. Juu yake kuna sehemu ambayo kitabu hakifunguki kabisa. Ukiwa na 2.5, msomaji atakuwa anachungulia maneno ndani ya korongo.

Kama mwongozo wako unasema 4 na maofisa wanapima kwa rula, hapo ni kuongea na msimamizi leo, siyo Alhamisi. Kama hauna sharti hilo, mwambie fundi wako asitoboe ubavu. Aibane bunda kwenye vibao viwili, aiachie mgongo utokeze, aupinde kuelekea kulia kama anachanua karata, apake gundi nyeupe ya maji, halafu aupinde kushoto apake tena. Hivyo kila karatasi inapata gundi kidogo kwenye uso wake wa kushoto na wa kulia, siyo nchani tu. Njia hii ina jina la Mjerumani, Emil Lumbeck, aliyeieneza miaka ya 1930. Haimezi pambizo na kitabu kinafunguka mpaka chini. Juu ya mgongo abandike kitambaa chepesi cha pamba kabla ya kava. Muhimu ikauke usiku kucha chini ya uzito, kwa hiyo ipelekwe Jumatano, siyo Ijumaa asubuhi.

Na kabla hujamwachia kazi, mwombe akuonyeshe kava alilokwisha kutengeneza. Kati ya ubao wa mbele na ubao wa mgongo panatakiwa kuwe na mfereji wa milimita saba au nane. Ndio bawaba ya kitabu. Fundi mwenye haraka anaubana, na kava likifunguliwa linang'oa karatasi ya kwanza kwa nguvu. Pitisha kidole, utausikia.

---

Mwalimu Chaki

Mkuu, uzi umesimama. Mimi nafundisha sekondari na natengeneza vijitabu vya marudio vya A5, nakunja na kupiga pini katikati. Shida yangu ni mbili. Mara nyingi nabakiwa na kurasa tupu mwishoni, na vijitabu vikiwa vinene kurasa za katikati zinachomoza nje. Hiyo A3 ya kukata nitaijaribu.

---

Fundi wa Getini

Mwalimu, njia yako ndiyo rahisi kuliko zote, na kwa kazi yako sioni sababu ya kuiacha. Kurasa tupu zinatokana na hesabu: karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa nne, basi jumla lazima igawanyike kwa nne. Ukiwa na 42, ama punguza ziwe 40 ama andika zaidi ufike 44. Nafasi iliyobaki weka mistari ya mwanafunzi kuandikia, haitapotea.

Kuchomoza hakuepukiki, kwa sababu karatasi ya ndani inazungukwa na za nje na inasukumwa mbele. Kata ukingo wa mbele baada ya kupiga pini, siyo kabla, na uache pambizo la nje liwe pana ili kisu kisile maandishi. Kwa gramu 80 mimi huishia kurasa 60 hivi. Zaidi ya hapo gawa kwa mada.

---

Saiba Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Naona gundi umeisema vibaya, ndugu yangu. Umeisema ile moja tu. Kuna gundi nyingine ya moto, PUR, ambayo inagandishwa na unyevu wa hewani. Vitabu vyake nimevivuta kurasa kwa mkono hazikutoka. Hata karatasi zinazong'aa inazishika. Sisi huku kazi za nakala mia tano twapeleka kwa mchapaji mwenye mashine hiyo, na hakuna malalamiko.

---

Fundi wa Getini

Kaka wa Kisauni, umenisahihisha na nimekubali. Ninayoisema mimi ni ile ya vijiti na vipande, ambayo ndiyo iko steshenari. PUR inataka mashine yake, na kitabu kinahitaji siku nzima kabla hakijafikia nguvu yake kamili, kwa hiyo kwa mtu wa nakala nne haimfikii. Kwa mtu wa mia tano, amsikilize huyu. Aulize tu swali moja kiwandani: "Gundi yenu ni ipi?" Na kwa gundi yoyote ile, mgongo ukwaruzwe kwanza. Mgongo laini haushiki.

---

Mpwani wa Lamu

Assalaam aleikum. Nimesoma mpaka mwisho. Sisi twaprinti juzuu za watoto wa madrasa, kila juzuu kijitabu chake, kurasa ishirini na kava. Twapiga pini. Mwaka haujesha, hewa ya bahari ishazila zile pini, kutu yatoka alama ya rangi ya tangawizi kwenye karatasi, na ni maandishi ya Mungu. Roho hazitulii. Tena hapa ni kwetu ambako zamani, karne ya 18 na ya 19, Siyu kisiwani Pate walikuwa wakiandika misahafu kwa mkono na kuijalidi wenyewe kwa ngozi. Tufanyeje bila mashine?

---

Fundi wa Getini

Waaleikum salaam, mzee wangu. Swali lako limenigusa kuliko yote, na jibu lake halihitaji umeme.

Kurasa 20 ni karatasi tano zilizokunjwa, juu yake kava la manila. Tumia uzi wa kitani, au wa pamba ulio imara, uupitishe kwenye kipande cha nta mara mbili tatu. Urefu wake uwe mara mbili na nusu ya urefu wa kijitabu. Fungua kijitabu katikati, kiweke juu ya pembe ya meza, toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa msumari mwembamba au sindano ya magunia: moja katikati kabisa, na mawili kila moja sentimita tatu kutoka ncha.

Ingiza sindano kutoka ndani, tundu la katikati, utoke mgongoni. Acha mkia wa kidole ndani. Panda mpaka tundu la juu, rudi ndani. Sasa shuka moja kwa moja, ruka la katikati, ingia tundu la chini utoke nje. Rudi tundu la katikati, ingia ndani. Mikia miwili ikutane, mmoja upande huu wa ule uzi mrefu na mwingine upande ule. Vuta kwa kufuata mkunjo, usivute kuja kwako, maana karatasi itachanika. Funga fundo mbili juu ya uzi mrefu, kata mikia ibaki ya sentimita moja. Kijitabu kimoja ukikizoea ni dakika tatu. Wanafunzi wakubwa wa madrasa wataweza, na hakuna chuma cha kushika kutu.

Jambo moja la kuepuka kwa nyumba za pwani: gundi ya unga wa ngano kwenye makava. Inashika vizuri, ila mende na wadudu wa vitabu wanaila, na wakiila wanakula na karatasi.

Ngozi za Siyu sijabahatika kuzishika. Misahafu ya kale ya aina hiyo kwa kawaida ina kava lenye ulimi wa ngozi unaokunjwa kufunika ukingo wa mbele, vumbi lisiingie. Ukiwa na kipande cha ngozi ya mbuzi, ulimi huo unaweza kuukata kwa mkasi wa kawaida.

---

Fundi wa Getini

Wakuu, nimerudi kukamilisha niliyoyaahidi, na nitasema ya kuprinti tu kwa sababu kava nimeshaligusa kwa Nuru.

Kabla hujaprinti, jua kama utaprinti upande mmoja au pande mbili. Pande mbili maana yake pambizo pana lazima lihame: kurasa witiri liwe kushoto, kurasa shufwa liwe kulia. Kwenye Word, sehemu ya kupanga pambizo, kuna chaguo la "Mirror margins" linalofanya hivyo lenyewe. Kwa upande mmoja tumia sanduku la "Gutter", andika nafasi ya ziada ya baindingi. Ringi na spairo: jumla ya kushoto isipungue sentimita 2.5, kwa kuwa matundu yanakula karibu moja. Kava ngumu ya kushona ubavu: 4. Kijitabu cha kukunja: hata 1.5 inatosha.

Ukimaliza kupanga, hifadhi kwa PDF ndipo uje dukani. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti zako, mistari inahama, jedwali linaruka ukurasa, na ile nafasi uliyoihangaikia inaondoka.

Halafu printi karatasi kumi tu. Njoo nazo. Nitakutobolea bure, ufungue, uone maandishi yanavyokaa. Fundi yeyote anayejali kazi yake atakubali.

---

Nuru ya Asubuhi

Kaka, nimerudi. Mwongozo wetu hauna kipimo cha pambizo, nimeusoma mara mbili. Fundi wa huku alikuwa hajui ile ya kupinda kulia na kushoto, nikamsomea ujumbe wako huku anafanya. Jana usiku tuliziacha nakala nne chini ya tofali, leo nimezifungua zote na hakuna ukurasa uliolegea. Amebakiza kupiga maandishi ya dhahabu mgongoni. Anauliza yaanze juu kushuka chini au chini kupanda juu?

---

Fundi wa Getini

Hongera sana dada, na mpe hongera fundi wako. Yaanze juu yashuke chini. Ukikilaza kitabu mezani kava la mbele likiwa juu, jina linasomeka bila kupinda shingo. Jina lako la ukoo, kifupi cha shahada, mwaka. Mwambie apige kwanza kwenye kipande cha ngozi ya bandia kilichobaki, aone joto: likizidi herufi zinavimba na kujaa, likipungua dhahabu inabanduka ukipitisha kucha. Akishapata herufi safi, asiguse tena kitufe cha joto mpaka nakala ya nne iishe.